Kilio Kilichotangulia Picha

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona akitazama filamu, na filamu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila Jumamosi na Jumapili, saa tisa alasiri, alisimama mbele ya ukumbi wa mbao kule mtaani kwetu Bagira, kipaza sauti mkononi, akitugeuzia kwa Kiswahili maneno ya wazungu wa kwenye televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Sisi tulitazama wafu wakitoka makaburini, yeye alitutazama sisi.

Bagira yote ilimwita Maman Mutafsiri, nami sitamwita vinginevyo. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa darasa la sita, mkali kama pilipili kavu. Mwisho wa juma alikuwa sauti ya wachawi, ya wauaji, ya wanawake walio peke yao nyumbani wakati mlango unafunguka. Filamu aliifuata kwa masikio tu. Macho aliyaacha kwetu, benchi hadi benchi, na ole wako akutazame wewe wakati muziki unaanza kushuka, maana hapo ulijua jambo limekaribia.

Siku moja, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja na mdomo usiotulia, nilimuuliza kwa nini haangalii.

"Niangalie nini?" akasema. "Mule ndani ya televisheni haiko mutu. Iko rangi na sauti, basi. Filamu iko hapa, ku sura yenu."

"Na kama picha ikikatika?"

"Nitaona ku sura yako, mujinga wewe. Utafunga kinywa."

Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa turubai jeusi, mchana kweupe. Huko nje jua liliwaka sokoni, wanawake wakipima unga na vile visamaki vya sambaza, na sisi mle ndani tulikuwa usiku. Saa kumi na moja tulipotolewa, mwanga ulituumiza, na hakuna aliyekubali kutembea wa mwisho kwenye mteremko. Watu wazima wenye ndevu waligeuka kutazama nyuma. Mimi nilishika mkono wa yaya.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Ni lazima nimtaje sasa, kwa sababu bila yeye nisingekaa kuandika habari za mwalimu yeyote. Alinizidi miaka kumi na mmoja, alikaa benchi la mbele, na alikuwa na kilio kilichojulikana ukumbi mzima: kelele moja fupi, kali, halafu kicheko kilichomtia kwikwi, hik, hik, mpaka watu wakamcheka yeye badala ya kuogopa zimwi. Mwaka uliofuata alibeba furushi la vitenge akaenda kuuza kwenye machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya Mwenga. Ikaja barua moja. Baadaye zikaja habari kwamba mtumbwi ulipinduka mtoni na yeye alikuwemo. Maiti haikuonekana. Majirani walimwambia mama yetu aweke matanga, alie, amalize. Mama akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajui kama anamuaga au anamsubiri, na kwa miaka kumi na sita amekaa hapo katikati. Hana picha yake, maana nyumba yetu ya zamani iliondoka na udongo wakati wa mvua, pamoja na kabati. Alichokuwa akiniambia ni hiki: "Sura yake bado naionaka. Sauti njo imenitoka."

Turudi kwa Maman Mutafsiri.

Alikuwa na miiko yake. Shetani akiongea kwenye filamu, hakutafsiri. Mle kwenye televisheni jitu lilinguruma Kifaransa dakika mbili nzima, povu mdomoni, na yeye alisema tu, "Anasema mambo yake." Tukipiga kelele kwamba tunataka kujua, aliongeza, "Anaendelea." Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, sauti ya pili, na alisema mdomo mmoja hauwezi kuimba Utukufu asubuhi na kumkopesha Ibilisi alasiri. Lakini wachawi aliwatafsiri vizuri kabisa. Nilipomwonyesha kwamba hilo haliendani, aliniuliza kama nimemaliza mazoezi yangu ya kuandika.

Mwiko wake mwingine ulikuwa majina. Kumbi nyingine mjini, watafsiri waliwapa watu wa filamu majina ya majirani ili kuchekesha. Ukimsikia fundi cherehani wa mtaani kwako anakatwa kichwa na mzungu mwenye shoka, utacheka hadi uanguke. Yeye, hata siku moja. Watu wake waliitwa Mwenye Koti, Dada wa Ngazi, Muzee wa Taa. "Jina ni mutu," alisema. "Hauwezi kuitupa mu shimo juu ya kuchekesha watu."

Na alijua kunyamaza. Watafsiri wengi huogopa kimya, hukijaza kwa maneno: sasa anaingia, sasa anatazama, sasa anafungua kabati. Yeye alishusha kipaza sauti mpaka kwenye paja na kuacha. Uliisikia mvua juu ya mabati. Ulimsikia mtu wa benchi la nyuma akimeza mate. Halafu alisema neno moja, polepole, karibu kwa huruma: "Bado." Bwana we! Mimi nimeshaona mambo ya kweli ya kutisha katika mji huu, lakini ile "bado" ndiyo inayonisisimua mwili hadi leo.

Sipendi kusifu mtu ovyo, na nikiwa mkweli alikuwa na maudhi yake pia. Alisahihisha watu matamshi msibani. Alikuzuia mlangoni kwa neno moja kisha akakusimulia saa nzima. Alisema haogopi mizimu kwa kuwa hajawahi kukutana na hata mmoja mwenye elimu, lakini chura akiingia darasani alipanda juu ya meza, na wanafunzi walikuwa wakimtafutia vyura makusudi. Aliwatisha watu mia kwa kazi, na njia ya kwenda porini ilimtisha hata kuitaja.

Hilo la porini ndilo lililozaa kaseti. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka betri na sabuni kwenye machimbo alikuja kumwomba aende huko akatafsiri. Wachimbaji walikuwa na jenereta, televisheni na kaseti kubwa za filamu, lakini Kifaransa hawakukisikia. Maman Mutafsiri alikataa kabla yule hajamaliza sentensi. Yule bwana akafikiri, akarudi na redio yenye kurekodi. Basi ikawa hivi: kila filamu ya woga aliyotafsiri Bagira, redio ile iliwekwa juu ya meza kando yake, ikarekodi kaseti ndogo ya sauti. Kaseti ndogo ilisafiri hadi machimboni, na ikisha kuchezwa ilirudi Bagira. Huko waliweka ile kubwa kwenye televisheni, ile ndogo kwenye redio, mtu mmoja huku na mwingine kule, na wakabonyeza pamoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunga kamba, maana kila kaseti ilianza na sauti yake: "Moja, mbili, tatu, finya!"

Sasa, redio haikurekodi sauti yake tu. Ilirekodi ukumbi. Vikohozi vyetu, watoto wetu, benchi likilia, na juu ya yote kelele zetu. Wachimbaji kule porini walitazama filamu pamoja na Bagira nzima iliyofichwa ndani ya redio.

Na kule hawakufinya sawasawa. Yule wa televisheni alichelewa kidogo kila mara, kwa hiyo sauti ikatangulia picha. Kwenye televisheni msichana bado anasuka nywele, anatabasamu, na ndani ya redio watu mia tayari wanapiga yowe. Wachimbaji waliganda. Kisha ndipo mkono ukatokea nyuma ya pazia. Filamu ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Wakakubaliana kwamba watu wa Bagira wanaona kifo mbele. Mtu alitumwa kabisa, safari ya siku nne, kuja kuuliza kama shimo lao fulani litaporomoka. Nilikuwepo. Maman Mutafsiri alimtazama yule mtu, viatu vyake vimejaa tope jekundu, na sikuona hata dalili ya kucheka.

"Waambie watoke mule," akasema.

Walitoka. Shimo halikuporomoka. Walimtumia shukrani hata hivyo, eti halikuporomoka kwa sababu walitoka.

Mtu mwingine angeliona kosa lile la kufinya akalirekebisha. Yeye alilichukua akaliwekea fikra. Alisema wachimbaji wamemfundisha kitu ambacho watengenezaji wa zile filamu walikijua tangu zamani: mtu haogopi anachokiona. "Woga njo unakuja wa kwanza," alisema, na "njo" yetu ni "ndio" yenu, "kitu kinafuata nyuma yake pole pole." Na alipenda kufungua filamu zake kwa methali ile, Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akitamka "laja" alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, na ukumbi wote unanyamaza.

Filamu alizozipenda zilikuwa za zamani sana, zisizo na rangi. Za siku hizi alizidharau. "Damu, damu, damu, kwani tuko ku bucha?" Zile za zamani zilikuwa na mlango, ngazi, kivuli, mwanamke anayesikiliza. Hakuna kinachoonyeshwa. Alizizungumzia kwa upendo ambao sikumwona akiutumia kwa watu.

Ukumbi ulikufa, kama kumbi zote zilivyokufa simu zilipoingia. Yeye akastaafu ualimu, akahamia Muhumba kwa mtoto wa ndugu yake. Mimi nikakua, nikafungua kichumba changu Nyalukemba: ninahariri video za harusi na ubatizo, naweka maua yanayozunguka na majina ya maharusi. Mwaka jana, siku ya Jumatatu asubuhi, alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu, ameshika gunia kifuani kama mtu aliyebeba mbuzi. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Sauti ilikuwa ileile.

"Wewe mwenye kuuliza mingi," akasema. "Nataka unifanyie filamu moja ya filamu zote."

Alitaka hivi: vipande vya zile filamu za zamani za woga, arobaini hivi, vishonwe pamoja. Si hadithi nzima. Mlango tu, ngazi tu, kile kimya kabla ya jambo. Katikati yake yeye mwenyewe azungumze, aeleze namna kila kipande kilivyotengenezwa, kwa nini taa imewekwa chini, kwa nini saa ya ukutani inasikika. Iwe sifa kwa watu waliojua kutisha bila kumwaga damu. Na chini ya picha zote alitaka sauti za kaseti ndogo, yaani ukumbi wetu. Vilio vitangulie picha, alisisitiza, kama kule machimboni. Alitaka ioneshwe katika ukumbi wa parokia kabla hajafa.

"Maman, vijana wa kompyuta wamejaa Ibanda nzima," nikamwambia. "Wenye mashine nzuri kunipita."

"Nimekuja kwako," akasema, na akaweka gunia juu ya meza.

Tulifanya kazi miezi mitatu, mchana umeme ukiwapo. Kaseti kubwa zilikuwa na ukungu mweupe, nikazisafisha moja moja. Zile ndogo zilikuwa na afya zaidi. Lakini jamani, kuzisikiliza! Unavaa vifaa vya masikioni, na ghafla umekaa benchini, una miaka kumi na mmoja, na watu waliokuzunguka nusu yao wamezikwa. Nilimsikia muuza mkaa anayekohoa, yule tuliyemzika nikiwa sekondari. Nilimsikia mtoto wa jirani akilia anataka kukojoa. Huyo alifia mbali, akiwa na bunduki. Walikuwa wanapiga kelele kwa kuogopa mzungu aliyejipaka unga usoni, na hakuna hata mmoja aliyejua kinachomngoja. Mara nyingine nilivua vile vifaa nikatoka nje kusimama barabarani, nione tu pikipiki zikipita.

Na nilikuwa nikimtafuta yaya. Sikumficha Maman Mutafsiri. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba mama anataka sauti yake, hata kelele moja, na kwamba nikiipata nitayahesabu malipo ya kazi yote kuwa yamekwisha. Aliitikia kwa kichwa. Hakusema kitu, na mtu yule kutosema kitu ni jambo la kutia mashaka, lakini mimi sikulishika.

Nilimpata yaya katika kaseti ya sita. Ile kelele fupi, ile kwikwi. Nililia kazini kama mtoto, mteja akiwa mlangoni na picha zake za ndoa. Nilimpata katika ya tisa na ya kumi na tano. Nikaanza kuvikusanya vile vilio kwa ajili ya mama. Nilitaka nimalize gunia kwanza, nimpe vyote pamoja.

Chini kabisa ya gunia ilikuwapo kaseti moja iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mara mbili. Maandishi yake hayakuwa ya mwalimu. Niliiweka mchana wa mvua kubwa. Ikaanza "Moja, mbili, tatu, finya," lakini kwa mbali, kama inatoka chumba cha pili. Ukumbi wa Bagira nao ulikuwa mbali. Na karibu yangu, masikioni mwangu kabisa, kulikuwa na watu wengine. Wanaume, wengi, na jenereta inaunguruma. Ikanichukua muda kuelewa. Kule machimboni mtu alitaka nakala, akaweka redio ya pili ukumbini irekodi ile ya kwanza inapocheza, na baadaye akarudisha Bagira nakala badala ya kaseti halisi. Kwa hiyo palikuwa na kumbi mbili, moja ndani ya nyingine.

Bagira ikapiga kelele, na yaya alikuwamo, mbali, ile fupi na kwikwi. Lakini sekunde moja kabla ya hapo, humu karibu, kati ya wale wanaume, mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kupiga kelele. Peke yake. Kabla ya yeyote, kama mtu anayeijua ile filamu. Fupi, kali. Halafu: hik, hik.

Nikamsikia mwanaume akimcheka, na yeye akajibu, sauti nzito kidogo kuliko ninavyoikumbuka:

"Mwenye analia mule ndani ya redio, njo mie."

"Muongo!"

"Njo mie, nakuambia! Ile ni Bagira. Ile ni kwetu."

Mtoto mdogo alianza kulia karibu yake, na kaseti ikaendelea na filamu.

Nilizima. Juu ya ule mfuko kulikuwa na karatasi yenye jina la machimbo, mwezi na mwaka, na ule mwezi ulikuwa karibu miaka miwili baada ya mtumbwi.

Nilipanda pikipiki kwenye mvua ileile hadi Muhumba. Alikuwa amekaa barazani akichambua maharagwe. Sikumsalimu, Mungu anisamehe, sikumsalimu mwalimu wangu. Nikaweka kaseti juu ya maharagwe.

"Tangu lini?"

"Tangu irudi," akasema.

"Miaka kumi na minne! Ulikuwa unakutana na mama kila Jumapili kanisani. Ulimpa mkono wa amani!"

"Nilimupa." Alitoa kaseti kwenye sahani akaipangusa kwa kanga. "Wakati ule njia ilikuwa mbaya. Ulikuwa mutoto, haujue. Kama ningemuambia, mama yako angetoka na miguu siku ileile, na wangemuuwa mbele hajafika. Nikasema, ngoja njia itulie. Ikatulia. Nikasema, ngoja nipate maneno. Kila mwaka yakawa mazito kushinda." Alininyooshea kidole, kile cha darasani, kisha akakikunja. "Mi nimesema maneno ya watu wengine maisha yangu yote. Ile moja ilikuwa yangu, na ilinishinda. Juu ya ile nilikuletea gunia."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunisahihisha hata neno, halafu akaingia ndani akatoka amevaa viatu.

"Twende kwake," akasema.

Mama yangu anakaa bado Bagira, chumba na sebule. Ilikuwa kama saa kumi, mvua imekatika. Alimkaribisha Maman Mutafsiri kwa heshima ya siku zote, "Karibu, Mwalimu," akamfutia kiti. Mimi nilikuwa na kompyuta na spika ndogo. Maman Mutafsiri alitaka kuanza kueleza, akafungua mdomo mara mbili, ikashindikana, basi mimi nikamwambia mama kwa ufupi: hii ni sauti ya yaya, ilirekodiwa machimboni, baada ya mtumbwi. Baada, mama. Mwalimu alikuwa nayo.

Mama hakumtazama mwalimu. Alisema, "Weka."

Nikaweka. Ile kelele ikatoka, hik, hik, na mama akaweka mkono mdomoni. Mwenye analia mule ndani ya redio, njo mie. Nilimwona akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama anamjibu. Mtoto akaanza kulia, nikanyoosha mkono kuzima, kwa sababu kwangu yaya alikuwa amemaliza.

"Wacha!" mama akasema.

"Ni mutoto wa watu tu, Maman," alisema Mwalimu kwa upole. "Filamu imemuogopesha."

"Nani anaogopa?" Mama alikuwa amesogea hadi sikio likagusa spika. "Mutoto wa woga anaita, ananyamaza, anasikiliza. Huyu hanyamaze. Huyu iko na njaa. Nyinyi wawili hamujazaa, mutajua nini?"

Mtoto alilia, akapanda, akapanda. Chini yake yaya akasema kitu kidogo, "Ngoja, maman, ngoja," kama tunavyombembeleza mtoto, ambacho mimi nilikuwa nimekisikia na kukiacha. Halafu kilio kikakatika ghafla katikati, kama mdomo umezibwa, na ukiwa karibu sana na spika ulisikia pumzi ndogo za haraka kupitia puani.

"Anayonya," mama akasema. "Mumesikia? Amemupa ziwa. Ni wake."

Aliketi chini, sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilidhani sasa atalia, baada ya miaka kumi na sita atayaweka yale matanga. Badala yake alihesabu kwa vidole.

"Niko na mujukuu," akasema. "Anaingia kumi na tano. Na hakuna mutu amenipa jina lake."

Maman Mutafsiri alikuwa ameshika kingo za kiti. Mtu huyu alikuwa amezisikia zile pumzi miaka kumi na minne, akaziita woga, kwa sababu woga ndio pekee aliozoea kuusikiliza. Sura yake sikuwahi kuiona hivyo, nikaangalia pembeni.

Mama akainuka, akapangusa kitenge, akaanza kutafuta kitu nyuma ya pazia. Sauti yake ilitoka huko kavu, ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi.

"Gari ya Mwenga inatokaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema Maman Mutafsiri. "Ya kwanza. Unapaswa kufika saa kumi na moja, juu ya nafasi. Unaomba kukaa upande wa kushoto, mutelemuko iko kuume."

Alijibu haraka mno. Mama akatoa kichwa nyuma ya pazia. Ndipo alipomtazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Ulienda pale mara ngapi, Mwalimu?"

Maman Mutafsiri hakuinua macho.

"Kila mwaka, maman. Na kifurushi changu. Gari inaondoka bila mie, mi narudi nyumbani."

Mama akavuta kikapu kutoka chini ya kitanda, akakipiga vumbi kwa mkono, akakiweka mapajani mwa mwalimu.

"Basi shika hii," akasema. "Kesho nitakufunga mukono kwangu."